Friza Imezima, Nyama Imo Ndani

Mazungumzo na kina mama wa mtaa, Unguja, wiki moja kabla ya Sikukuu ya Mfunguo Tatu

Assalaam alaykum. Wakubwa zangu shikamooni, na nyinyi wadogo marahaba. Nimeshaitikia ili tusipoteze muda.

Nimetakiwa nizungumze habari ya nyama. Ustadhati aliponifuata nyumbani alisema, "Mwalimu, wiki ijayo kila mlango hapa utagongwa na mtu mwenye sahani ya nyama mbichi, na umeme wenyewe ndio huu tunaoujua. Njoo uwaambie wenzako la kufanya." Nimesomesha sayansi kimu miaka 26, kwa hiyo mambo ya nyama nayajua ya ubaoni. Ila haya ya leo sikuyasomesha. Haya niliyapata kizani, mara mbili, na mara ya kwanza niliyapata kwa hasara.

Wenye umri wangu hawahitaji kukumbushwa. Umeme wa Unguja unatoka Bara, unapita chini ya bahari kwa waya mpaka Fumba. Tarehe 21 Mei 2008 ukakatika, na haukurudi mpaka tarehe 18 Juni. Wiki nne, kisiwa kizima. Pampu hazivuti maji, sisi wa majumba ya Michenzani tunapandisha ndoo ghorofani, na usiku ni ngurumo za majenereta ya wenye nayo. Pemba wao walikuwa na mashine zao za dizeli, hawakuguswa. Dada yangu wa Wete akawa ananipigia simu kunipa pole huku anakunywa maji ya baridi.

Friza yangu wakati ule ilikuwa ya kulala, kubwa, na imejaa. Tulikuwa na harusi ya mtoto wa ndugu yangu mwezi wa pili yake, nimeshaweka nyama ya ng'ombe kilo kumi na tano, kuku, na vipande vya nguru. Sikilizeni nilivyofanya, maana ndivyo tunavyofanya wote. Usiku ule ule nilifungua kuangalia. Asubuhi nikafungua kuangalia. Akaja jirani kuniuliza yangu imefikia wapi, nikamfungulia aone. Mume wangu akarudi kazini, akafungua, akaibonyeza nyama kwa kidole, akasema "bado ngumu," akafunga. Kila anayefungua anaipoza roho yake na kuipasha nyama moto. Siku ya pili jioni nyama ya juu imelegea, ya chini bado ina barafu, na sisi tunangoja, kwa sababu hakosekani mtu wa kuja na habari kwamba umeme unarudi kesho.

Siku ya nne nilipofungua, harufu ilitoka kabla mkono haujaingia. Hata hapo sikutupa. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, akasema tuikoshe kwa ndimu na siki, kisha tuichemshe mara mbili na tangawizi nyingi. Tukafanya hivyo. Ikanukia, nakwambieni, mpaka watu wa chini wakauliza kuna shughuli gani. Usiku wake watoto watatu na mimi mwenyewe tulikuwa tunapokezana choo, na maji hakuna. Cheti changu cha ualimu kilikuwa kimetundikwa ukutani kinaniangalia tu.

Sasa tuangalie nini kilikuwa kikitokea mle ndani.

Friza haiwi na baridi ya kumwagia nyama. Kazi yake ni kuvuta joto na kulitoa nje, na umeme ukikatika kazi hiyo inasimama; linabaki kasha lenye kuta nene. Kasha hilo likiwa limejaa na halikufunguliwa kabisa, nyama iliyokuwa imeganda sawasawa, yaani nyuzi 18 chini ya sifuri, hukaa salama kama saa 48. Likiwa nusu, saa 24. Upande wa friji, pale pa maziwa na mchuzi wa jana, ni saa nne tu. Hizo ndizo hesabu za wataalamu wa usalama wa chakula, na wao wanahesabu friza yenye mpira mzima wa mlangoni. Ya kwangu mpira umechoka na jiko linapigwa na jua la jioni, basi 48 zao mimi nazihesabu 36. Kila mtu anajua ya kwake ilivyo.

Ya kulala hutunza zaidi kuliko ya kusimama, kwa kuwa hewa ya baridi ni nzito. Ukifungua ya kulala, baridi inabaki chini. Ukifungua ya kusimama, inakumwagikia miguuni. Na iliyojaa hutunza zaidi kuliko yenye nafasi, ndiyo maana pengo lolote kwenye yangu nalijaza chupa za maji. Usizijaze mpaka shingoni. Maji yakiganda hutanuka, chupa inapasuka.

Kwa hiyo umeme ukikatika, kitu cha mwanzo kushika ni kalamu. Andika saa kwenye karatasi, bandika juu ya mlango wa friza. Watoto wakubwa watakucheka. Lakini kesho yake hatakuwepo wa kukumbuka kama ulikatika kabla ya Magharibi au baada ya Isha, na hapo ndipo ubishi unapoanzia. Kisha tupia blanketi zito juu yake na ubavuni, na umeme ukirudi liondoe mara moja, maana mashine inahitaji hewa. Baada ya hapo usifungue. Hata wewe uliyeandika karatasi, usifungue.

Mara ya pili ilikuwa Alhamisi, tarehe 10 Disemba 2009. Sikukuu ilikuwa imepita kama wiki mbili tu, nyama ya kuchinja imejaa kwenye mafriza ya mji mzima. Safari ile kiza kilikaa miezi mitatu, mpaka tarehe 9 Machi 2010. Siku ya kwanza hatukujua kama ni miezi mitatu. Lakini mimi nilikuwa mtafunwa na nyoka, nikiona unyasi nashtuka.

Nikaandika saa. Sikufungua mpaka kesho yake, Ijumaa, baada ya sala. Na kabla sijafungua nilikuwa nimeshanunua gunia la makaa, chumvi, thomu na tangawizi, na majirani nimeshawaambia waje na vyombo. Nikafungua mara moja tu, nikatoa kila kitu, nikakitenga palepale.

Iliyokuwa bado ngumu, au imelegea nje lakini ukiikata unaona chembe za barafu ndani, hiyo ni nzima. Ukipata friza ya kuihamishia unaweza kuigandisha tena bila wasiwasi. Najua wengi mmeambiwa nyama iliyoanza kuyeyuka haigandishwi tena abadan. Ni kauli ya tahadhari, lakini imetupisha nyama nyingi isiyo na kosa. Inachopoteza ni utamu: maji yake yametoka, itakuwa kavu kidogo, basi usiifanyie mishkaki, ifanyie mchuzi.

Iliyokwisha barafu lakini ukiigusa ni baridi kama kitu kilichotoka friji sasa hivi, hiyo inapikwa siku ileile. Baridi ya friji ni nyuzi 4, na mkono si kipimo kizuri cha nyuzi 4. Kuna vipimajoto vidogo vya kuweka ndani ya friji, si ghali, na bei yake ni ndogo kuliko kilo ya nyama. Iliyopikwa ndiyo unayoweza kuigandisha baadaye.

Iliyoshika uvuguvugu, hiyo tusizungumze nayo. Ikikaa kwenye joto zaidi ya saa mbili inatupwa. Na joto la nyumbani likizidi nyuzi 32, kama la Januari hapa, ni saa moja.

Kima, yaani nyama ya kusaga, na maini yaangalieni kabla ya paja. Kipande kikubwa cha paja kinabeba barafu yake katikati kwa muda mrefu, na uchafu uko juu yake tu. Kima kimepita kwenye mashine, cha juu kimekuwa cha ndani, na ni chembamba, kinayeyuka haraka. Mimi kima kilicholegea sikibembelezi.

Hapa ndipo mtu ananiambia, "Mwalimu, lakini haikunuka." Tukae hapa kidogo, kwa sababu pua si kipimo cha kutegemea, ingawa mwaka 2008 mle mwangu pua yenyewe ilishasema na sisi tukaibishia.

Vijidudu vinavyotoa harufu na vijidudu vinavyoumiza watu si lazima viwe vya aina moja. Nyama inaweza kunuka kidogo isimdhuru mtu, na inaweza isinuke kabisa ikakulaza hospitali. Kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 vijidudu huzaana, na vikipata joto linalovipendeza vingine hujigawa mara mbili kila dakika 20. Pigeni hesabu: kimoja, baada ya saa nne, kimekuwa zaidi ya 4,000. Na hakuna anayeanza na kimoja. Sasa kuna aina ambazo zikishaongezeka huacha sumu ndani ya nyama. Ukichemsha, kijidudu kinakufa, sumu inabaki. Chemsha mara mbili, chemsha mara kumi, tia tangawizi ya Pemba yote, sumu hiyo haivunjiki. Ndimu inaondoa shombo. Siki inaondoa utelezi. Zote mbili zinamwondolea shahidi sauti, kesi inabaki palepale.

Na msionje "kidogo tu kuhakikisha." Kidogo kinatosha.

Samaki ndio mkali zaidi, na kwetu samaki ni kila siku. Jodari, vibua na nguru, hawa wakikaa kwenye joto, ndani ya nyama yao hutengenezeka kitu kinachoitwa histamini. Hakiondoki kwa kupika, hakiondoki kwa kukaanga, hakiondoki hata kwa kugandisha upya. Mtu akila, muda mfupi tu uso unakuwa mwekundu na moto, kichwa kinauma, mwili unawasha, mwengine anatapika. Mara nyingi husema, "Nina aleji ya samaki." Maisha yake yote anakula jodari, aleji imekuja leo tu? Ni jodari aliyelala nje ya barafu. Ulimi ukihisi kama pilipili au kuchomwachomwa wakati hukutia pilipili, tema, funika sahani, na mwanao asile.

Haya, tuseme umetenga, na fungu la kupika leo ni kilo nane. Nyumba yako ina watu sita. Hapa ndipo penye jambo langu hasa, na najua halipendezi.

Kilo nane haziliwi na watu sita siku moja. Utapika, itabaki, friji hakuna, utaanza mchezo wa kuchemsha asubuhi na jioni. Bibi zetu walifanya hivyo, nami sikatai kwamba inasogeza siku. Lakini kati ya mchemsho mmoja na mwengine sufuria linakaa masaa kumi na mbili kwenye uvuguvugu, na vipo vijidudu vyenye ganda gumu vinavyosalimika ndani ya maji yanayochemka, sufuria likipoa polepole vinaamka. Hata siku ya pili sipendi. Siku ya tatu sili kabisa, hata kwa adabu ya mwenyeji.

Toeni. Toeni siku ya kwanza, nyama ikiwa nzima, si siku ya tatu mtu anapokea kwa mkono wa kulia na kuitupa kwa wa kushoto. Mnajua Mtume, s.a.w., mwaka mmoja aliwakataza watu kuweka nyama ya kuchinja zaidi ya siku tatu, kwa sababu mafukara walikuwa wameingia Madina na njaa. Mwaka wa pili yake akawaruhusu wale, watoe, na waweke akiba. Tumeishika ile ya kuweka akiba, tukainunulia na friza. Mimi si mwanachuoni, tafsiri namwachia Ustadhati. Ila Ijumaa ile ya 2009 nilipika sufuria mbili kubwa, tukala ngazi nzima, watu wa chini na wa juu, na waliokuwa hawasalimiani walisalimiana kwa sababu kijiko kilikuwa kimoja. Mwaka wa kwanza ningefanya hivyo siku ya kwanza, harusi ingekosa kilo kumi na tano, ambazo hata hivyo ilizikosa.

Iliyobaki ngumu mwaka 2009 niliikausha. Mwaka 2008 nisingeweza, Mei ni masika, nguo zenyewe hazikauki. Disemba kaskazi imeingia, jua kali, upepo mkavu. Ukitaka kukausha, kata nyama nyuzi nyuzi kwa urefu wake, unene wa kidole, toa mafuta yote kwa kuwa mafuta hayakauki, huvunda. Chovya kwenye maji ya chumvi, kama gramu 150 kwa lita, dakika tano. Tundika kwenye kamba, vipande visigusane, chandarua juu kwa ajili ya mainzi na kunguru. Hawa kunguru wa Bara Hindi wako hapa tangu miaka ya 1890, wanaijua ratiba ya kila jiko. Usiku ingiza ndani. Inakuwa tayari ikikatika badala ya kupinda, na hata hivyo unaipika kabla ya kuila.

Wasomali wana nyirinyiri, wanaikausha kwanza kisha wanaikaanga na kuihifadhi kwenye samli, inasafiri miezi. Nimeona watu wakiiga nusu: wanakaanga nyama mbichi, wanaizamisha kwenye mafuta, wanaifunika kopo, wanadhani wamehifadhi. Kinachoitunza ile ni ukavu. Nyama yenye maji ndani, ukiizamisha kwenye mafuta, umeinyima hewa tu, na wapo vijidudu wanaopenda hivyo hasa.

Na jua halifufui. Usikaushe ile ya uvuguvugu.

Ya kutupa isipelekwe jaani wazi, paka wataileta mlangoni kwa jirani. Chimba, fukia chini kabisa. Kwa sisi wa ghorofani asiye na kiwanja, ifungeni mara mbili na muipeleke siku gari la taka linapopita, isilale ngazini.

Hayo yote ni ya umeme kukatika mtaa mzima. Friza ikifa peke yake, gasi imevuja au kompresa imeungua, mambo ni mepesi, kwani jirani ana yake inayofanya kazi. Chukua nyama ingali ngumu, igawe kwa majirani watatu wanne. Usimrundikie mmoja kilo ishirini zilizolegea, utaipasha moto na ya kwake, mtakosana. Au nenda pale Malindi penye samaki ukanunue barafu, uipange chini, katikati na juu ya nyama, ndani ya kasha lenye mfuniko. Fundi wa friza mwambie aje leo, si "nikipata nafasi."

Wenye jenereta: ukiwasha kwa masaa mawili asubuhi na masaa mawili jioni, friza iliyojaa inaweza kushika barafu yake, na mafuta hayamaliziki kwa siku moja. Lakini jenereta ikae nje kabisa, mbali na dirisha. Si varanda, si ngazi, si jikoni na mlango ukiwa wazi. Moshi wake una hewa isiyo na harufu inayoua watu wamelala. Na umeme wa mtaa ukikatika, chomoa plagi ya friza, usiirudishe mpaka umeme utulie dakika kadhaa. Ule unaorudi kwa kishindo ndio unaounguza kompresa.

Maswali. Mama pale nyuma, sema kwa sauti.

Anauliza: tunakwenda shamba sikukuu siku tatu, tukirudi umeme upo, tutajuaje kama ulikatika? Swali zuri sana. Gandisha kikombe cha maji kabla ya kuondoka, weka sarafu juu ya barafu. Ukirudi sarafu iko juu, nenda ukapike. Iko katikati, barafu iliyeyuka nusu, kagua kila kipande na usikionee huruma. Iko chini kabisa, kila kitu kiliyeyuka kikaganda tena wewe haupo, na hapo hakuna cha kukagua.

Dada wa mtandio wa kijani? Harufu baada ya nyama kuvunda, haitoki. Chomoa, toa vikapu na mipira, osha kwa maji ya moto na sabuni, kisha siki na maji nusu kwa nusu, acha mlango wazi kutwa nzima. Harufu ikibaki weka sahani ya makaa yasiyowashwa ndani siku mbili tatu. Kuna mtu alifukiza udi ndani ya friza. Simtaji, yuko humu ndani. Sasa ana friza inayonuka nyama iliyooza yenye udi.

Na wewe mdogo wangu? Anauliza friza yangu mimi leo ina nini. Haki yako kuuliza. Chupa tisa za maji, vibua vya juzi, na kikombe chenye shilingi mia juu ya barafu. Mguu wa mbuzi bado haujaja.